Sajini wa Baiskeli

Kinyozi alikuwa ameshamnyoa mteja upande mmoja wa kichwa alipoona watu wamesimama nje ya duka lake, wanachungulia tu, hawaingii. Ilikuwa siku ya soko. Barabara ilijaa mikokoteni, magunia, akina mama wenye vikapu na kelele za wauza nguo. Siku kama hiyo kinyozi hafungui duka ili watu wachungulie.

"Ingieni basi! Mnaogopa kunyolewa?"

"Tuingie wapi?" mmoja alijibu. "Umeziba mlango na baiskeli halafu unatuita."

Kinyozi akageuka. Ni kweli. Mlangoni pake paliegemezwa baiskeli nyeusi, mpya, imelala kutoka upande huu wa mlango hadi upande ule kama komeo.

"Hii ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Kinyozi akatoka na kitana kimechomekwa kwenye nywele, akainyanyua baiskeli kwa hasira na kuanza kuisukuma kuelekea ukuta wa duka la dawa, penye nafasi. Hakufika mbali. Mkono ulimkamata ukosi wa shati kutoka nyuma.

"Simama hapo hapo! Mwizi mkubwa wewe!"

Aligeuka akakutana na mwanamke. Alivaa shati la polisi la mikono mifupi lenye tepe za sajini, suruali imechomekwa ndani ya soksi isishikwe na mnyororo, na kofia ngumu ambayo kamba yake ilimbana mashavu mpaka yakatokeza. Mkono wa pili alishika pakiti ya plasta aliyotoka kuinunua.

"Mwizi? Mimi?" Kinyozi alipandisha sauti. "Mwizi gani anakwenda kuiba na kitana kichwani?"

"Wezi wa siku hizi wana mitindo yao."

Watu walicheka. Mteja aliyenyolewa nusu naye akatoka mbio, kitambaa cheupe kikimpepea shingoni. "Afande, nakuomba! Mwache kwanza animalizie kichwa, ndipo umfunge!"

Sajini akamtazama yule mteja, akatazama kitana, akatazama nywele zilizoganda kwenye mikono ya kinyozi. Akaachia ukosi polepole.

"Umenizibia mlango," kinyozi alisema. "Nani amekufundisha kuegesha?"

"Nimejifundisha mwenyewe."

"Inaonekana."

Sajini aliuma mdomo ili asicheke. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya doria yake, askari wake mmoja ameshaanguka na kuchubuka goti, na yeye mwenyewe ameshamkaba raia asiye na hatia. "Samahani, kinyozi."

Kinyozi alitega sikio. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia polisi akisema neno hilo.

"Hebu sema tena."

"Hairudiwi," sajini alisema, akachukua baiskeli yake.

Kinyozi alirudi ndani kumaliza kichwa cha watu. Alikimaliza vibaya.

* * *

Mpango ule wa doria ya baiskeli ulikuwa wa sajini mwenyewe. Aliuomba, akakataliwa, akauomba tena. Pale sokoni watu walikuwa wakinyang'anywa simu na mikoba kila kukicha, na kila walipopiga kelele, lori la polisi lilikuja likinguruma na kukwama mbele ya kichochoro cha kwanza, huku mwizi akitokea upande wa pili akipiga mluzi. Baiskeli ingepita pale lori lisipopita. Hatimaye kituo kikapata baiskeli chache, na sajini akapewa vijana wa kuziendesha.

Sheria yake kwao ilikuwa moja. "Ukifika penye watu, shuka. Usiongee na mtu ukiwa juu ya baiskeli kama bwana shamba. Shuka, salimia, sikiliza. Wakikwambia habari za mjukuu wao, sikiliza hizo pia."

Kwa hiyo alishuka. Alishuka kwa muuza mkaa, kwa fundi cherehani, kwa akina mama wa pale barabarani waliotandaza nyanya na vitunguu juu ya maturubai. Na kila siku alishuka kwa kinyozi.

"Afande, leo umeegesha vizuri."

"Nimefanya mazoezi nyumbani. Mtaani kuna habari gani?"

"Habari ni kwamba umependeza."

"Hiyo si habari ya usalama."

"Ya usalama wa nani? Mimi tangu asubuhi sipo salama."

Wateja walijifanya wanasoma magazeti. Askari wake mmoja, kijana mwembamba kama mwanzi aliyeitwa Konstebo Mrefu, alijifunza kuwa wakifika kwa kinyozi yeye atafute kivuli. Kivuli kilikuwa kwa dada mkubwa wa kinyozi, mwenye turubai la mboga kando ya barabara, na huko alipewa kikombe cha maji kila siku.

Dada huyo ndiye aliyemlea kinyozi baada ya wazazi wao kufariki. Alimlisha kwa nyanya zile zile, akamfunza adabu kwa mwiko. Polisi hakuwapenda. "Maji nampa kila mwenye kiu," alimwambia mdogo wake, "lakini wewe angalia. Hawa jana walikuja na lori, leo wamekuja na baiskeli. Hata wakija wamepanda mbuzi, mimi turubai langu naliweka tayari kukunjwa."

"Huyu si kama wale, dada."

"Wote si kama wale, mpaka siku wanapokuwa wale."

Kinyozi hakusikia. Masikio yake yalikuwa kwenye simu.

"Kinyozi, leo nimepita mara mbili hukunisalimia."

"Nilikuwa na wembe shingoni mwa mtu. Ulitaka nipunge mkono?"

"Ungepunga ule mwingine."

"Ule mwingine ulikuwa umeshika sikio lake."

"Haya, nimekusamehe, mpenzi."

Kinyozi akasimamisha mkasi.

"Umeniitaje?"

"Nimesema kinyozi."

"Hapana, afande. Nimesikia mimi, na wamesikia wateja. Simu yangu ina spika mbovu, haizimiki."

Sajini alisikia duka zima likiangua kicheko, akakata simu, akajifunika uso kwa kofia yake ngumu.

Siku ya mapumziko alikuja akiwa na gauni la rangi ya chungwa lenye mkanda mwembamba kiunoni, nywele amezisuka na kuzilaza nyuma, viatu vya wazi. Kinyozi alimpita mlangoni, akaenda kumtafuta barabarani.

"Unamtafuta nani?" sajini aliuliza kutoka nyuma yake.

Kinyozi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akasahau alichotaka kusema, akasema, "Duka nafunga."

"Nionyeshe mtaa wako," sajini alimwambia. "Usinionyeshe kama ninavyouona kazini. Kama unavyoujua wewe."

Basi akamwonyesha. Walipita nyuma ya mashine ya kusaga, penye vumbi jeupe linalong'ang'ania nguo. Walijibana kati ya ukuta wa fundi cherehani na ghala la sabuni, mahali pembamba mpaka bega la mmoja lazima liguse la mwenzake, na hakuna aliyelalamika. Alimwonyesha kichochoro kilichoanzia nyuma ya bomba la maji na kutokea karibu na shule.

"Hapa ndipo dada na wenzake hukimbilia lori likija," kinyozi alisema. "Wanashika pembe nne za turubai, wanabeba kila kitu. Lori likifika, barabara nyeupe."

"Na wezi wa simu nao wanapita hapa hapa."

"Wanapita. Wanawaharibia jina wenzao."

Sajini alikitazama kile kichochoro kwa muda. Kisha akamtazama kinyozi, na vichochoro vyote vikamtoka akilini.

Lakini vilimrudia kazini. Aliwapitisha vijana wake huko kote, mmoja mmoja, mpaka wakavijua kama vyumba vya nyumbani kwao. Akawafundisha kufunga kichochoro: mmoja anaingia mbele akipiga kengele, wawili wanamngoja mwizi nyuma na baiskeli zimelazwa kukinga njia. Wezi wakakamatwa. Simu zikarudi kwa wenyewe. Akina mama wakaanza kutembea na mikoba begani tena badala ya kuificha kifuani.

Ubaya wa kitu kinachofanya kazi ni kwamba wakubwa hukiona. Mkuu wa kituo, ambaye hajawahi kukalia baiskeli hata iliyosimama, akaanza kwenda redioni na kusema "mpango wangu wa baiskeli". Alimwita sajini ofisini aeleze siri ya ushindi. Sajini alieleza kwa furaha. Alichukua vikombe vya chai vya mkuu, akavipanga mezani viwe maduka, akachukua vijiko viwe baiskeli, akamwonyesha jinsi kichochoro kinavyofungwa huku na huku.

"Hata panya hatoki," mkuu alisema.

"Hatoki, mkuu," sajini alijibu, akajisikia fahari. Ile fahari ingekuja kumchoma.

* * *

Jumanne moja alitumwa makao makuu kuomba tairi na breki mpya. Pale getini simu zote ziliachwa kwa mlinzi, ndiyo kanuni yao. Aliketi kwenye benchi hadi alasiri akingoja kuitwa.

Huku nyuma, baraza la mji lilikuwa limemwambia mkuu wa kituo kwamba wageni wakubwa watapita barabara ya soko wiki hiyo, na lisingependa waone nyanya chini. Mkuu akapeleka lori. Na akapeleka baiskeli.

Akina mama waliona lori, wakafanya walichofanya siku zote. Walishika pembe nne, wakabeba, wakakimbilia bombani. Dada wa kinyozi alitangulia, mzigo mgongoni na mizani mkononi. Mwisho wa kichochoro alikuta baiskeli mbili zimelazwa kukinga njia, na nyuma ya baiskeli hizo amesimama Konstebo Mrefu.

"Mwanangu," dada alisema, akihema. "Ni wewe?"

Konstebo Mrefu aliangalia chini. "Mama, ni amri."

Nyuma ya dada watu walizidi kusukumana, kengele zinalia, lori linanguruma, na hakuna pa kutokea. Mtu akaanguka, wengine wakamwangukia. Nyanya zilipondwa mpaka ukuta wa kichochoro ukawa mwekundu. Dada aliangukia mkono wake, na kabla hajainuka mizani yake ikanyakuliwa na kwenda kurushwa ndani ya lori, na mabeseni juu yake, kama takataka. Walipelekwa kituoni wote, wakakalishwa uani juani mpaka jioni, wakaambiwa waende nyumbani. Hakuna aliyesomewa kosa. Vitu vyao vilibaki vimefungiwa uani.

Sajini alipochukua simu yake getini, alikuta imepigwa na kinyozi mpaka imechoka. Akatabasamu. Akampigia.

"Mpenzi, umenikumbuka hivyo? Mimi nilikuwa—"

"Dada yangu mkono umevimba."

"Nini? Ameanguka?"

"Ameangushwa. Bombani. Kile kichochoro, afande. Kile nilichokuonyesha mimi kwa mkono wangu huu, wewe ukiwa na gauni lako la chungwa."

"Ngoja, sielewi, nani ame—"

"Baiskeli zako! Wamewafunga huku na huku kama panya! Nani amewafundisha? Mimi ndiye mjinga niliyekutembeza. Na wewe ulikuwa kazini muda wote, siyo? Shuka, salimia, sikiliza! Umenisikiliza vizuri!"

"Kinyozi, nisikilize na wewe. Mimi si—"

Simu ilikatwa. Sajini alisimama pale getini ameishika sikioni. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

* * *

Asubuhi yake hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa mkuu akaingia.

"Mkuu, wale hawakuwa wezi."

"Kuna aliyesema ni wezi?" Mkuu alikuwa anakoroga chai. "Ni uchafu wa barabara."

"Uchafu? Hao ndio waliotwambia simu zinauzwa nyumba gani. Hao ndio wanaowapa vijana wangu maji. Tumewaambia watuamini, wametuamini, na tumeitumia imani yao kuwavunja mikono!"

"Sajini, punguza sauti."

"Mtu ana turubai na vitunguu, mkuu! Amemwibia nani?"

Mkuu alikunywa funda moja, akaweka kikombe mezani taratibu. "Mbona wewe mwenyewe ulinionyesha hapa hapa, kwa vikombe hivi? Baiskeli zinafika lori lisipofika. Mimi nilikusikiliza. Kiongozi mzuri husikiliza." Akatabasamu. "Ijumaa tunarudia, wasije wakadhani ni mchezo. Utaongoza mwenyewe. Wamekuzoea."

Sajini alitazama vile vikombe. Alitamani kuvitupa ukutani kimoja baada ya kingine. Alipiga saluti, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa kinyozi.

Duka lilikuwa wazi na tupu. Viti vyote vimeegemezwa ukutani. Kinyozi alikuwa anafuta kioo ambacho hakikuwa na doa.

"Wateja wako wapi?"

"Nani anyolewe na sikio la kituo? Ndivyo wanavyoniita sasa. Wanasema kila walichokiongea kwenye kiti hiki nimekupelekea wewe."

"Ni uongo."

"Najua ni uongo! Lakini mkono wa dada si uongo. Unaitetea kazi yako?"

"Sikuwepo. Nilikuwa makao makuu, simu wamezishika getini."

"Ungekuwepo ungefanya nini?"

Lilikuwa swali la haki. Kabla sajini hajajibu, pazia la nyuma lilifunguliwa, akatokea dada mwenyewe, mkono umefungwa kwa kitambaa, kanga ameifunga kifuani kwa mkono mmoja, imelegea upande.

"Dada, nimekuja kukupa pole," sajini alisema, akipiga goti kidogo.

"Inuka. Pole yako nitapimia nini? Mimi nauza vitunguu. Nataka mizani yangu."

"Nitaileta."

"Wewe?" Dada alicheka bila furaha. "Haya. Nitakaa hapa nikungoje, nitazeeka taratibu."

Kinyozi hakumsindikiza. Aliendelea kufuta kioo, lakini ndani ya kioo alimtazama mpaka alipopotea kwenye umati.

* * *

Ijumaa asubuhi mkuu alimpa sajini amri mbele ya vijana wote, akaingia kwenye gari lake akaenda kuwapokea wageni. Sajini aliwageukia vijana.

"Nimeambiwa niongoze baiskeli mpaka kwa wachuuzi. Nitaziongoza. Lakini hatuendi mikono mitupu."

Akawapeleka uani. Mlinzi wa uani alisimama mbele ya mlango. "Sajini, hivi vitu vimekamatwa."

"Kwa kosa gani?"

"Mimi sijui kosa."

"Hata mimi sijui. Hata mkuu hajui, ndiyo maana hakuna aliyesomewa. Mtu hana kosa, kwa nini beseni lake lifungwe? Fungua."

"Sina lori la kuvibebea."

"Nani amekuomba lori?"

Kijana mmoja aliinua mkono. "Sajini, tutafukuzwa kazi."

"Inawezekana. Anayeogopa abaki, sitamlaumu. Hata mimi naogopa."

Vijana walitazama baiskeli zao, wakawaza watoto na kodi za nyumba. Kisha Konstebo Mrefu akatoka mstarini, akachukua beseni, akalifunga kwenye keria ya baiskeli yake kwa mpira. "Mimi nilimkinga mama yangu njia," alisema. "Sitaki kumwona tena bila kitu mkononi."

Wengine wakafuata. Walifunga mabeseni, mizani, maturubai yaliyokunjwa, vibao vya kukalia. Kijana mmoja mnene alibeba mwavuli mkubwa ukimchomachoma sikio njia nzima.

Hawakupita vichochoroni. Walipita katikati ya barabara kuu, mchana kweupe, kengele zikilia.

Na watu wakakimbia.

Mtu wa kwanza aliyeziona baiskeli alipiga kelele moja tu, na soko zima likainuka. Wachuuzi walibeba walichoweza, waliacha wasichoweza, wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Milango ikafungwa. Sajini alipofika katikati ya soko na kushuka, hapakuwa na mtu wa kusalimia. Alisimama peke yake, limau moja likibingirika mpaka likagusa kiatu chake.

"Tunarudisha!" Konstebo Mrefu aliita. "Mama zangu, tunarudisha!"

"Waongo!" sauti ilijibu kutoka nyuma ya ghala. "Mnataka tutoke mtukamate!"

Kinyozi alikuwa mlangoni kwake, mikono kifuani. Hakutoka. Alimwona sajini akivua kofia yake ngumu, akiiweka chini, akisimama na jua la utosi, jasho likimtiririka shingoni, akingoja kama mtu aliyeletwa kuhukumiwa. Dakika zilipita.

Hatimaye dada wa kinyozi alitoka. Hakukimbia tangu mwanzo. Alisema mkono mmoja hautoshi kukimbilia. Alitembea katikati ya barabara tupu mpaka kwenye baiskeli ya sajini, akaifungua mizani yake kutoka kwenye keria, akaiinua juani, akaikagua.

"Imepinda," alisema.

"Najua, dada. Samahani."

"Nyanya zangu je?"

"Nyanya sina."

"Hilo nalo ulijue. Usije ukajiona umemaliza." Dada alimgeukia Konstebo Mrefu, aliyekuwa anajifuta machozi begani. "Na wewe uache kulia, beseni la mtu litadondoka. Njoo unywe maji."

Ndipo mmoja mmoja wakaanza kutokeza.

* * *

Mkuu wa kituo alirudi na wageni wake akakuta wachuuzi barabarani, wageni wakashuka kununua ndizi. Jioni ile ile sajini alitolewa kwenye baiskeli, akawekwa kaunta, kazi ya kuandika waliopoteza vitambulisho. Baiskeli zilifungiwa stoo. Mkuu alikwenda redioni akasema mpango wake umepumzishwa kwa tathmini.

Tathmini gani? Wezi hawakupumzishwa. Wiki haikuisha wakarudi kwenye vichochoro vyao, na lori likarudi kunguruma mahali pale pale penye kukwama. Siku moja mteja wa kinyozi alinyang'anywa simu pale pale mlangoni, akiwa na kitambaa cheupe shingoni. Kinyozi alikimbia mpaka bombani, akasimama, akakosa wa kumwita.

Wateja walikuwa wamesharudi. Aliyewarudisha ni dada. Alimpitia kila mmoja dukani mwake, akamuuliza kama ana ushahidi au ana mdomo tu. Lakini simu ya sajini haikulia. Sajini alijiambia, kinyozi akitaka atapiga mwenyewe. Kinyozi naye kila siku alibonyeza namba yake na kuifuta. Aliona haya, na haya ya mwanamume mwenye maneno mengi ni ugonjwa mbaya.

Dada ndiye aliyechoka. "Kituoni si kuna kaunta?"

"Ipo."

"Na raia akifika kaunta, si lazima asikilizwe?"

"Ndiyo sheria."

"Sasa umekaa hapa unanisafishia kioo kwa nini?"

Jumatatu asubuhi kinyozi aliingia kituoni amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nyuma yake waliingia muuza mkaa, fundi cherehani, akina mama wa nyanya, yule mteja aliyeibiwa. Foleni ilitoka nje ikazunguka ukuta. Sajini aliinua kichwa kutoka kwenye vitambulisho vyake.

"Nikusaidie nini, raia?"

"Nimekuja kutoa malalamiko."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya mkuu wa kituo hiki. Amechukua baiskeli zilizokuwa zinatulinda, akazitumia kutuvunja. Tulipoanza kuzipenda tena, amezifungia stoo. Tunaibiwa mchana. Tunataka baiskeli zetu na tunataka mwenye baiskeli. Na hawa wote nyuma wana malalamiko hayo hayo, lakini kila mtu atayasema kwa mdomo wake."

Sajini aliandika yote. "La pili?"

"La pili ni dhidi yangu. Kuna mtu nilimkatia simu hajamaliza kusema. Kwa hasira siombi radhi. Hasira ilikuwa haki yangu. Naomba radhi kwa sababu sikuuliza ulikuwa wapi."

"Uliniuliza ningefanya nini kama ningekuwepo."

"Umenijibu Ijumaa ile. Nilikuwa mlangoni. Nilitakiwa nije nisimame na wewe pale juani, nikashindwa kwa kiburi. Hilo nalo liandike."

Sajini aliandika, ingawa maandishi yalianza kumchezea machoni. "Umemaliza?"

"Bado. La tatu si malalamiko. Nataka kukuoa."

Foleni ililipuka. "Huyu hana aibu! Sisi tumesimama tangu alfajiri!" "Mwache aseme, hiyo ndiyo raha ya foleni!" "Afande, mkubalie twende kazini!"

"Kinyozi," sajini alisema kwa sauti ya chini, "mimi leo ni mtu wa kaunta. Kesho naweza kuwa mtu wa nyumbani. Sina doria, sina baiskeli. Nimebaki na hasira tu. Unaoa hasira?"

"Hata mimi ninayo ya kutosha. Tutaiweka nyumba moja, haitakuwa mpweke."

Mlango wa mkuu ulifunguka. "Sajini! Kelele za nini hizo?"

Sajini alisimama wima. "Ni raia, mkuu. Wana malalamiko."

"Malalamiko ya nini?"

"Dhidi yako."

Mkuu aliwatazama, mtu baada ya mtu, mpaka macho yake yalipofika mlangoni na kuona kwamba nje bado wapo. Kidole alichokuwa amekiinua kikakosa pa kuelekea. Akarudi ndani, mlango akaufunga taratibu sana.

Sajini akamgeukia kinyozi. "Ndiyo," alisema. "Lakini simu yangu usiikate tena."

"Sikati."

"Basi sogea pembeni, watu wanangoja." Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono, akafungua ukurasa mpya. "Anayefuata!"

Dada wa kinyozi alisogea mbele, akaegemeza mkono wake mzima kwenye kaunta, akaanza kusema, na hakupunguza sauti.